Unga Nao Hugongwa: Jinsi ya Kuupima Wanga wa Muhogo Mwambao wa Ikombe

Mnunuzi wa vyungu kwenye gulio la Jumamosi pale Lyulilo, jirani na Matema, haridhishwi na macho peke yake. Hukiinua chungu cha Kikisi, hupitisha kidole ndani ya mdomo wake akitafuta ufa, kisha hukigonga kwa kifundo cha kidole na kutega sikio. Chungu kikilia, moto ulikipenya. Kikitoa mlio mfu, hakikuiva au kimepasuka. Anafahamu kwamba udongo unaweza kuwa mmoja na mikono ikawa ile ile ya akina mama wa Ikombe, lakini uchomaji ndio unaoamua kama chungu kitapika maharage miaka mingi au kitavunjika kabla ya msimu kwisha.

Akimaliza hapo, mnunuzi huyo huyo huenda penye unga wa muhogo, huchota kiganjani, huona ni mweupe, hulipa. Hanusi, habani, haulizi. Hapo anajipunja, kwa sababu unga na wanga wa muhogo ni kazi ya ufundi sawasawa na ufinyanzi, na nao una namna zake za kugongwa. Njia iliyotumika kuutoa wanga kwenye muhogo hubaki ndani ya wanga wenyewe. Maji, siku, jua na mashine huacha alama kwenye maumbile yake, na alama hizo husomeka kwa kidole, kwa pua, kwa bilauri ya maji na kwa chungu kilicho motoni. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuzisoma.

Kwa nini Ikombe

Ikombe imekaa chini ya Milima ya Livingstone, mahali ambapo mlima unashuka karibu moja kwa moja hadi Ziwa Nyasa. Watu wengi wamezoea kufika kwa mtumbwi au boti kutoka Matema. Ardhi tambarare ni haba. Bonde la Kyela lina mpunga wake mashuhuri, kakao na migomba, lakini Mkisi wa mwambaoni amezoea kuishi kwa uvuvi, ufinyanzi na shamba la muhogo kwenye mteremko. Vyungu huvuka kwenda bondeni na kurudi vimegeuka nafaka; muhogo hubaki nyumbani ukiwa akiba, kwa kuwa huvumilia udongo mwembamba na husubiri ardhini mpaka mwenyewe aukumbuke.

Mwambao huu pia unamfundisha mtu kuheshimu ukaushaji. Wilaya ya Kyela ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi zaidi Tanzania, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na Aprili na Mei mawingu huweza kukaa juu ya ziwa siku nyingi mfululizo. Anayetoa unga mweupe, mkavu na usio na harufu mbaya katika miezi hiyo ni fundi kweli. Unga wa Septemba na unga wa Aprili haustahili kupimwa bila kukumbuka tofauti hiyo.

Kilichomo ndani ya muhogo

Muhogo mbichi ukiugawa mafungu 100, takriban 60 hadi 70 ni maji, na wanga ni 20 hadi 35 kutegemea aina, umri na mvua. Wanga huo umekaa ndani ya seli kwa umbo la punje ndogo mno, za kati ya mikromita 5 na 35 hivi. Mikromita 1,000 ndizo zinazofanya milimita moja, kwa hiyo jicho halioni punje moja moja. Huona weupe tu.

Kila punje imejengwa kwa polisakaridi mbili, yaani minyororo mirefu ya sukari aina ya glukosi. Ya kwanza ni amilosi, ambayo mnyororo wake umenyooka karibu wote. Ya pili ni amilopektini, yenye matawi mengi. Katika muhogo amilosi ni kama 17 hadi 20 kati ya 100, na iliyobaki karibu yote ni amilopektini. Mahindi ya kawaida yana amilosi zaidi, kama 25 hadi 28. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayofanya uji wa wanga wa muhogo uwe wa kung'aa na wa kuvutika, na uji wa wanga wa mahindi uwe wa ukungu na wa kuganda unapopoa.

Ndani ya punje, minyororo haikutupwa ovyo. Kuna tabaka zilizopangwa kwa kubanana na tabaka zilizolegea, zikipokezana kutoka kiini hadi nje. Mpangilio huo ndio unaoiwezesha punje kukaa kwenye maji baridi bila kuyeyuka, na kuvimba ghafla maji yakifika nyuzijoto 60 hadi 70. Atakayeuchokoza mpangilio huo kabla ya siku ya kupika, atauona mchokozo wake sufuriani.

Nje ya punje kuna kuta za seli. Nazo ni polisakaridi: selulosi inayotoa nyuzi ngumu, na pektini inayozigandisha seli pamoja. Kuutoa wanga ni kazi ya kuzivunja kuta hizo bila kuziumiza punje. Na pembeni ya yote kuna linamarini, kiambata chenye sumu ya sianidi ndani yake, ambacho kila njia halali ya kuandaa muhogo lazima ikishughulikie.

Njia nne na alama zake

Njia ya kwanza ni makopa. Muhogo humenywa, hupasuliwa au kukatwa vipande, huanikwa juani, kisha hutwangwa au kusagwa. Hapa kuta za seli hazikuoza wala kuchujwa. Zimevunjwa kwa nguvu tu, na zote zimo ndani ya unga. Punje za wanga zimebaki karibu na zilivyokuwa shambani. Unga wake una harufu ya muhogo, una nyuzi, na ugali wake hushika haraka. Kopa zuri ni jembamba na lina unene mmoja. Vipande vinene hukauka nje na kubaki vibichi ndani, na ule ubichi huchacha au kuota ukungu wakati wewe unaona ganda jeupe. Chukua makopa mawili uyagonganishe: makavu hulia kwa sauti kali. Vunja moja: likatike kwa mlio mmoja na ndani liwe jeupe lenye vumbi. Likipinda kwanza, bado lina maji. Ukiona mistari ya kibuluu au myeusi ndani, jua muhogo ulikaa siku mbili tatu baada ya kung'olewa kabla ya kumenywa.

Njia ya pili ni kuvundika majini. Muhogo uliomenywa hulowekwa siku 3 au 4 katika chungu, pipa au kidimbwi safi, kisha hutolewa nyuzi, hukamuliwa, huanikwa na kusagwa. Ng'ambo ya ziwa, kutoka Karonga hadi Nkhata Bay nchini Malawi, ugali wa muhogo una jina lake, kondowole, na una wapenzi wasioubadilisha kwa wa mahindi. Kinachotokea ndani ya maji ni kazi kubwa. Bakteria wa maziwa ya kuganda na jamaa zao huzidisha uchachu mpaka maji yanakuwa makali. Vimeng'enya huila pektini, na seli zilizokuwa zimegandamana huachana zenyewe. Ndiyo maana muhogo ulioiva majini hubonyea kwa dole gumba, na uzi wake wa katikati huvutika kwa mara moja. Wakati huo huo uchachu hugusa punje za wanga. Huanza na zile tabaka zilizolegea, ukikata minyororo kidogo kidogo. Punje bado huonekana nzima, lakini ikipikwa huvimba na kulegea upesi. Kwa siku 3 au 4 mguso huo ni mwepesi na huupa ugali ulaini. Wiki ikipita, minyororo imekatwa kupita kiasi: uji hauvutiki tena, na harufu inatoka kwenye uchachu safi na kuingia kwenye uvundo.

Njia ya tatu ni udaga, inayojulikana zaidi kanda ya Ziwa Victoria kuliko huku kwetu. Muhogo uliomenywa hulundikwa na kufunikwa mpaka uote ukungu na kulainika, kisha ukungu hukwanguliwa na muhogo hupondwa na kuanikwa. Vimeng'enya vya ukungu ni vikali kwa kuta za seli, na unga wake huwa mwepesi na wa rangi ya kijivu au kahawia. Rangi hiyo si kasoro kwa wanaoujua. Kasoro ni ukungu ulioachwa ndani: unga wenye harufu ya ghala la zamani au wenye madoa ya kijani, meusi au manjano usiuguse, kwa sababu baadhi ya ukungu huzaa sumu ambazo moto wa jikoni hauziondoi.

Njia ya nne ni kuchuja, na hii ndiyo inayotoa wanga wenyewe badala ya unga. Muhogo mbichi hukunwa, huchanganywa na maji mengi, hukamuliwa kwenye kitambaa, na maji meupe huachwa yatuame. Punje huzama chini, maji ya juu humwagwa, mashapo husuuzwa tena na tena, kisha huanikwa. Hapa nguvu na maji vimefanya kazi bila uchachu, na nyuzi na pektini zimebaki kwenye machicha. Ukiharakisha, unapata wanga ulio safi na wenye mpangilio wake kamili. Linamarini nayo, kwa kuwa huyeyuka, sehemu kubwa huondoka na maji. Ukichelewesha kwenye joto la mwambao, mashapo huanza kuchacha usiku ule ule. Kwa hiyo chombo cha kutuamishia si jambo dogo. Chungu cha udongo hupumua, maji hutoka kidogo kidogo kwenye ukuta wake na kuupoza, na wanga hupata saa za ziada kabla ya uchachu. Pipa la chuma lenye kutu hufanya kinyume: kutu hukutana na utomvu wa muhogo na kuuacha wanga una ukijivu usiosafishika.

Fundi wa kuchuja hupimwa kwa machicha yake, hata kabla ya wanga. Dondoshea machicha tone la dawa ya aidini ya dukani. Yakigeuka ya buluu iliyoiva karibu na weusi, wanga mwingi umebaki humo, na fundi hakukuna vizuri au alikamua mara moja tu. Rangi hafifu inaonyesha kazi iliyotimia. Machicha uliyoyatia dawa yatupe.

Jua na jiwe la kusagia

Watu wengi hudhani kwamba kazi ikifika kwenye kuanika imekwisha. Kwa mtazamo wangu hapo ndipo wanga mwingi mzuri unapoharibiwa. Wanga uliolowa una punje zilizojaa maji, na punje zilizojaa maji haziwezi kustahimili joto kali. Ukiuanika juu ya bati lililoungua jua la saa saba mchana, au ukiusogeza karibu na moto kwa sababu mvua imekataa kukatika, baadhi ya punje huiva nusu. Zikikauka huwa vidonge vigumu, vya kung'aa kidogo, visivyopondeka kwa vidole. Vidonge hivyo havirudi kuwa wanga wa kawaida hata ukivisaga. Vitanyonya maji baridi na kukuletea madonge kwenye uji.

Aanikaye vizuri hueneza wanga mwembamba kwenye jamvi safi au turubai, juu ya kichanja kilichoinuliwa kutoka mchangani, mahali penye upepo wa ziwa. Upepo hukausha bila kuunguza. Mchanga wa ufukweni ni mzuri kwa kutembea, si kwa kuanikia chakula. Nao hujitambulisha kwa meno mara ya kwanza unapotafuna.

Jua lenyewe lina kazi nyingine mbali na joto. Nchini Brazili kuna wanga wa muhogo unaochachushwa majini kwa wiki kadhaa na kukaushwa juani, ambao hutumika kuokea vile vimkate vidogo vya jibini. Donge lake huumuka ndani ya tanuri bila hamira. Wanga huo huo uliochachushwa, ukikaushwa kwenye tanuri badala ya jua, hauumuki vile. Mionzi ya jua ikishirikiana na uchachu hubadili minyororo ya wanga kwa namna ambayo joto pekee haliwezi. Mpishi wa Kyela anayetaka kujaribu mikate ya wanga ana somo hapo: unga wa kuvundikwa uliokaushwa juani kweli una uwezo ambao makopa hayana.

Baada ya jua huja kusaga. Mchi na kinu huponda taratibu. Mashine ya nyundo hupiga kwa kasi na kupata joto. Nyundo zikiwa butu au chekeche ikiwa ndogo mno, mashine huzipasua punje zenyewe. Punje iliyopasuka hunyonya maji baridi mara moja, kwa hiyo unga wake hunata mkononi na ugali wake huwa wa kuvuta kama gundi kabla haujaiva. Ukipewa unga uliotoka mashineni ukiwa wa moto wa kuchoma kiganja, uutandaze upoe kabla ya kuufunga, na kumbuka mashine ile kwa mara nyingine.

Vipimo sita vya mnunuzi

Jicho. Tazama weupe, lakini usiishie hapo. Wanga wa kuchuja uwe mweupe wa kumetameta kidogo. Unga wa makopa huwa na weupe wa maziwa. Unga wa kuvundikwa una weupe uliopoa. Weupe mkali mno katika unga uliodaiwa kuwa wa makopa ni sababu ya kuuliza. Vidoa vya kahawia ni maganda ya ndani yasiyomenywa vizuri.

Kidole. Bana wanga mkavu kati ya dole gumba na kidole cha shahada, usugue. Wanga safi hulia: hutoa mkwaruzo mdogo unaousikia na kuuhisi. Huo ndio mlio wa chungu kinachogongwa. Unga wenye nyuzi haulii hivyo, huteleza au kukwaruza kwa ubutu. Kisha fumba kiganja. Ukifungua na donge likabaki limeshikamana bila kuporomoka ukiligusa, una unyevu. Kiwango cha kimataifa cha Codex cha mwaka 1989 kwa unga wa muhogo hakiruhusu unyevu kuzidi 13 kati ya 100, na kwa mwambao wenye mvua nyingi ningependa uwe chini ya hapo.

Pua. Wanga wa kuchuja usinuke chochote. Makopa yanukie muhogo. Unga wa kuvundikwa unukie uchachu safi, wa maziwa mgando. Harufu ya jasho, ya samaki au ya nguo iliyofungwa mbichi ni uamuzi tosha. Rudisha kibaba kwenye gunia. Ikombe huanika na dagaa pia, na unga hudaka harufu upesi, kwa hiyo muuzaji anayetenga vichanja viwili ni wa kuthaminiwa.

Maji baridi. Weka kijiko cha wanga kwenye bilauri ya maji, koroga, acha. Mchanga hutangulia chini papo hapo. Wanga mzima hushuka kwa nusu saa hadi saa moja, mashapo yake yakawa magumu ya kupinga kijiko, na maji ya juu yakatakata. Maji yakibaki na ukungu na kuteleza vidoleni, punje nyingi zilipasuka au kuiva nusu. Yakifanya utando wa nyuzi juu, ulichouziwa ni unga uliochekechwa, si wanga.

Moto. Chukua kijiko kimoja cha wanga kwa vijiko 15 vya maji, koroga kwenye moto mdogo bila kuondoa mwiko. Kwa muda hutaona kitu. Kisha, katika dakika moja hivi, maji meupe yatageuka mazito na kung'aa. Wanga mzuri hugeuka kwa pamoja, na ukiinua mwiko huvuta uzi mrefu. Ukigeuka kwa mafungu na madonge, ulianikwa kwenye joto kali. Ukiwa mzito kisha ukalegea haraka na kuwa majimaji, ulikaa kwenye uchachu kupita siku zake.

Ubaridi. Funika uji huo, uache ulale. Asubuhi wanga wa muhogo huwa bado laini na wa kung'aa kiasi. Ukiukuta umeganda, umekuwa mweupe wa ukungu na umetoa maji pembeni, pana mahindi ndani yake, kwa sababu amilosi nyingi ya mahindi hujifunga upya inapopoa. Kipimo hiki kinahitaji subira ya usiku mmoja tu, na si rahisi kwa mchanganyaji kukikwepa.

Kipimo ambacho ulimi hauwezi

Kuna jambo moja ambalo jicho, pua na kidole haviwezi kulihukumu, nalo ni sianidi. Uchungu wa muhogo hutoa ishara, lakini si mizani. Codex imeweka kikomo cha miligramu 10 kwa kilo moja ya unga, na kiasi hicho hupimwa maabara, hakionjwi.

Historia yetu ina ushahidi mzito. Mwaka 1985, wilayani Tarime, ukame ulipobana, watu walifupisha njia: walipunguza siku za kuvundika muhogo mchungu na kuukausha haraka ili wale. Wakaja kuugua konzo, ugonjwa unaopooza miguu yote miwili ghafla na bila kurudi nyuma. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ugonjwa huo ulionekana pia Mtwara na Mbinga, wilaya ambayo wakati huo ilifika hadi ufukwe wa Ziwa hili letu. Waliopigwa zaidi walikuwa wenye chakula kidogo kisicho na protini ya kutosha. Kwa hiyo dagaa au mbasa pembeni ya ugali wa muhogo ni sehemu ya kinga.

Inafaa kuelewa kwa nini njia ndefu ni salama. Linamarini imehifadhiwa mbali na kimeng'enya chake, kila kimoja mahali pake ndani ya muhogo. Kukuna na kuvundika huvikutanisha: linamarini huvunjika na gesi ya sianidi huachiwa. Gesi hiyo huchemka kwenye nyuzijoto 26 hivi, kwa hiyo joto la kawaida la mwambao linatosha kuipeperusha. Kumbe vile vile vitendo vinavyozivunja kuta za pektini na kuuweka wanga huru ndivyo vinavyomkomboa mlaji. Kuchemsha muhogo mchungu haraka haraka hakufanyi kazi hiyo, kwa kuwa moto huua kimeng'enya na kuiacha linamarini.

Kwa unga usioujua chanzo chake kuna njia ya kujihami iliyotokana na kazi ya Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, ambayo wataalamu wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania walishirikiana naye kuifikisha kwenye vijiji vilivyokumbwa na konzo. Changanya unga na maji mpaka ulowe wote, utandaze kwenye jamvi kwa unene usiozidi sentimita 1, uache juani saa 2 au kivulini saa 5, kisha upike ugali siku hiyo hiyo. Haigharimu kitu. Nyumba inayokula muhogo mchungu kila siku isingepaswa kuikosa.

Kila njia na kazi yake

Mjuzi hasemi njia moja ni bora kuliko zote. Huuliza unga unakwenda wapi. Kwa ugali laini wa kuliwa na samaki wa mchuzi, chukua wa kuvundikwa siku 3 au 4. Kwa uji mzito wa asubuhi au kuchanganya na mtama, makopa ya muhogo mtamu yaliyosagwa vizuri yanatosha. Kwa kuzitia nguo ugumu, kwa gundi ya kubandikia karatasi, kwa kuongeza uzito kwenye supu na kwa maandazi yasiyotumia ngano peke yake, hapo unahitaji wanga wa kuchuja, uliokauka kwa upepo.

Kanuni hii haiishii kwenye muhogo. Zanzibar ilianza kulima mwani wa biashara mwaka 1989, na kinachotafutwa ndani ya mwani huo ni polisakaridi nyingine, karagenani, inayogandisha maziwa na vyakula vingi viwandani. Mwani wa kotoni ukichemshwa kwa maji matupu hutoa karagenani inayoganda kwa ulegevu. Ukichemshwa kwa maji yenye alkali kali, sehemu ya salfati hung'oka kwenye mnyororo, mnyororo hujikunja upya, na donge lake huwa gumu zaidi. Mwani ni ule ule. Maji ya kuchemshia ndiyo yaliyobadilisha kilichotoka. Ndivyo ilivyo kwa maji ya chungu cha Ikombe.

Maswali ya kumuuliza muuzaji

Kabla ya mkoba kufunguka, msalimie mama mwenye unga, shikamoo kwa anayestahili shikamoo, kisha uulize mambo manne kwa adabu. Mama, muhogo huu ni mtamu au mchungu? Ulilowekwa siku ngapi? Uliuanika juu ya nini? Umesagwa kinuni au mashineni, na lini? Fundi huyajibu yote bila kusita, na mara nyingi huongeza la tano ambalo hukulijua. Anayejibu kwamba muhogo ni muhogo tu, mwachie unga wake.

Kisha ulipe kwa haki. Siku 4 za kuvundika, maji yaliyochotwa, machicha yaliyokamuliwa mara tatu na kichanja kilicholindwa dhidi ya mvua vina gharama, na bei ya unga wa namna hiyo haiwezi kulingana na ya makopa yaliyorushwa kando ya barabara. Tunapolipia weupe peke yake, tunamfundisha muuzaji kukatisha siku, na Tarime imeshatuonyesha siku zilizokatishwa zinapeleka watu wapi. Nunua kibaba kimoja, kipitishe kwenye vipimo hivi, halafu rudi kwa yule aliyekupa kizuri, umweleze kwa nini ni kizuri, na umwagize gunia.